Upande wa Kombo

Nati kumi na nne, spana namba kumi na tatu.
Kumi na tatu zililegea kwa adabu.
Ile ya nyuma, karibu na tangi, ilikataa.
Nikainywesha mafuta ya breki, nikaiacha ifikiri,
nikaenda kunywa chai.
Niliporudi ilikuwa bado haijafikiri kitu.
Nikaikata kwa msumeno.

"Kidole kimoja hakivunji chawa, Semkiwa,"
alisema Bi Mwanakheri, akipita na ndoo,
macho juu ya paa la Landrova
kama anayepima jeneza.
Nikamwambia: paa si chawa.
Akacheka. Hakusimama.

Kilo sabini na ushei, bati na vioo,
pana kama kitanda cha besera.
Miaka kumi na mmoja tulilinyanyua wawili,
mimi huku, Kombo kule,
"Haya?" "Haya,"
na msimu wa machungwa ukawa umefunguliwa.
Halafu elfu arobaini zikapita kati yetu,
za tairi, au za dizeli, kila mtu na hesabu yake,
na tangu Mfunguo Tatu hatujaamkiana,
na Ngamiani yote inajua.

Lakini mimi nimezeekea karakana ya reli.
Mzigo naujua. Mzigo haubebwi, huhadaiwa.
Boriti ya mvule juu ya banda,
roda mbili,
kamba ya katani nene kama dole gumba,
ingali inanuka shamba.
Nikavuta. Boriti ikasema neno.
Nikavuta. Mpira ulioganda kwa jua la miaka
ukabanduka taratibu, kama bendeji juu ya kidonda kibichi,
na upepo ukapita pale usipowahi kupita.

Paa likaning'inia. Likayumba.
Hapo ndipo nilipojua niko peke yangu:
kamba mkononi, jasho machoni,
na mtu wa kusema "kushoto kidogo, kushoto, basi"
hayupo.
Likageuka polepole kama fahali anayemtafuta aliyemchokoza,
kona yake ikanigusa goti.
Ikanigusa, nasema. Mpaka leo nachechemea.
Nikaifunga kamba kwenye nguzo,
fundo la kwanza, la pili,
la tatu la woga.

Kisha nikafanya lile ninalojivunia:
sikuliondoa paa juu ya gari,
nililiondoa gari chini ya paa.
Gia huru, bega mlangoni,
hatua tisa hadi uani,
na jua la saa nne likamwagika juu ya viti
vilivyosahau rangi yao.

Nikarudi kulishusha, shibiri kwa shibiri,
juu ya tairi kuukuu mbili na blanketi la marehemu mama.
Nikafuta vumbi la ndani, kwenye ukingo,
nikaona herufi zilizokwanguliwa kwa msumari.
Upande mmoja S.
Upande wa pili K.
Nikadhani K ni kulia.
Lakini ipo kushoto.

Nikakaa chini.

Machungwa nitayaleta. Kule Muheza
hakuna anayeuliza paa lilitokaje.
Ila vuli itaingia, viti vitalowa,
na matundu kumi na manne ya juu
yatataka kuonana na kumi na manne ya chini
unywele kwa unywele,
na roda ina nguvu, haina macho.

Jioni nimezitia nati kwenye kopo la maziwa,
nimezihesabu mara mbili kana kwamba zitazaana.
Kumi na tatu.
Moja ya aina hiyo, Tanga nzima,
inapatikana kibanda kimoja tu, barabara ya kumi na tano,
na mwenye kibanda mnamjua.
Bei yake mia tano.
Kesho nitakwenda na noti ya elfu kumi,
akose chenji,
tusimame pale, wawili,
tukiitafuta.